Pikipiki ya zamani: uifufue kama ilivyotoka kiwandani, au uigeuze?

Mabishano ya watu wa pikipiki za zamani karibu yote huanzia kwenye ladha. Mmoja anataka kila nati irudi mahali pake kama ilivyotoka kiwandani. Mwenzake anataka kiti kifupi, usukani wa chini na ekzosi inayosikika kabla pikipiki haijatokeza. Kila mtu na akipendacho, lakini ladha si mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu ladha hubadilika, na fremu iliyokatwa hairudi. Mimi huanza na swali jingine: pikipiki hii iliyo mbele yako, yenyewe hasa wala si aina yake kwa ujumla, bado ina kitu gani ambacho kikiondoka hakitapatikana tena?

Ikiwa navyo vingi, ifufue, au pengine hata kuifufua usiifufue, itunze tu. Ikiwa imebaki injini, fremu na boksi la vyuma visivyotimia, igeuze bila kumwomba mtu radhi. Kazi ya kufikiri ipo kwa zile zilizo katikati, na kwa bahati mbaya nyingi ziko hapo.

## Kagua kabla ya kununua rangi

Anza na namba. Kwenye Triumph nyingi za zamani, pikipiki za Uingereza, namba ya injini na namba ya fremu zilipigwa zikiwa sawa kabisa, kwa hiyo zikitofautiana ujue injini ilitoka kwingine. Honda za miaka hiyo hazikuwa hivyo: namba hizo mbili zilitofautiana tangu kiwandani, hivyo usimwite muuzaji tapeli kwa sababu hiyo. Pikipiki yenye injini na fremu zilizozaliwa pamoja ina hoja nzito ya kufufuliwa. Iliyounganishwa kutoka kwenye tatu tofauti haina, hata ikipakwa rangi sahihi kiasi gani.

Kisha tazama rangi. Rangi ya kiwandani iliyofifia, yenye mikwaruzo ya magoti kwenye tangi, ina thamani ambayo rangi mpya haiwezi kuinunua, maana ya kiwandani hupakwa mara moja tu. Watu wengi huikwangua wakidhani ndiyo hatua ya kwanza ya kufufua. Mara nyingine hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kuharibu. Ioshe, ing'arishe taratibu, zuia kutu isiendelee, halafu kaa nayo kidogo kabla hujagusa msasa.

Baada ya hapo hesabu vitu vidogo: vifuniko vya pembeni, nembo za tangi, spidomita, boksi la filta ya hewa, madigadi, mabano ya taa, ekzosi za asili. Hapa ndipo wengi hushangaa. Injini iliyochoka haimtishi mfufuaji, kwa sababu watengenezaji waliitarajia. Pistoni za saizi ya juu zilitolewa kwa hatua, kwa kawaida milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, ili silinda ichongwe na kazi iendelee. Kinachomtisha ni kifuniko kimoja cha plastiki kilichoacha kutengenezwa miongo kadhaa iliyopita, ambacho kila mwenye pikipiki kama hiyo anakitafuta. Mgeuzaji yeye hajali: vitu vinavyokosekana ndivyo ambavyo angevifungua na kuvitupa. Kwa hiyo pikipiki moja inaweza kuwa janga kwa mmoja na zawadi kwa mwingine.

Na angalia waliotangulia walifanya nini. Ukikuta sehemu ya nyuma ya fremu imekwisha kukatwa, mashimo yametobolewa kwenye madigadi na wayaringi imeungwa kwa gundi ya karatasi, nusu ya uamuzi ulishafanywa na mtu ambaye hutamjua.

## Fremu: hapa maji yakimwagika hayazoleki

Kama kuna jambo moja la kuchukua muda wako, ni hili. Kubadilisha usukani, kiti, taa, ekzosi na hata magurudumu ni kazi ya spana: leo unafunga, kesho unafungua. Fremu ni habari nyingine. Sura inayopendwa ya kafe-resa, ile ya kiti kifupi chenye kibonge nyuma, kwa pikipiki nyingi hupatikana kwa kukata mabomba ya nyuma na kuchomelea kipande kilichopindwa. Pamoja na hayo huondolewa mabano ya madigadi, ya betri na ya boksi la filta, kwa sababu yanaonekana vibaya. Kila bano linalosagwa na grainda ni kitu ambacho mfufuaji wa baadaye atalazimika kukitengeneza kwa mkono, akipima kwenye pikipiki ya mtu mwingine.

Kuna upande wa nguvu pia. Mabomba yale ya nyuma hayakuwekwa kwa urembo. Kwenye fremu nyingi ndiyo yanayobeba ncha za juu za shokapu za nyuma. Ukikata nyuma ya mahali pa shokapu huna tatizo kubwa. Ukikata mbele yake, au ukihamisha mahali pa shokapu kwa jicho tu, umebadilisha njia ambayo uzito unapita. Kuchomelea kwa mtu asiyejua chuma husika kunaweza kuacha ufa ambao rangi itauficha hadi siku ya barabara mbovu. Rangi ya unga iliyookwa ni hodari hasa wa kuficha, kwa kuwa ni nene. Hiyo hiyo huziba namba ya fremu ikiwa fundi hakuifunika, na mfufuaji makini huikwepa kwa sababu haifanani na rangi ya zamani.

Jiometri ya usukani nayo inasahaulika. Ukiinua nyuma kwa shokapu ndefu, pembe ya shokapu za mbele inasimama zaidi na gurudumu la mbele linapunguza ule mvuto wa kujinyoosha lenyewe. Pikipiki inakuwa nyepesi kugeuka na yenye wasiwasi kwenye mwendo mkali. Ukizilaza shokapu za mbele kama za chopa, zile pikipiki za shokapu ndefu zilizolala, inatulia kwenye barabara iliyonyooka na kuwa nzito kama ng'ombe mkaidi kwenye kona ya polepole. Mhandisi wa kiwanda alikuwa na wapanda majaribio na miezi ya kurekebisha. Wewe utakuwa na mchana mmoja na rafiki anayekushangilia.

Hata hivyo si kila fremu inadai msumeno. BMW za injini ya silinda mbili zinazotazamana, kuanzia mfululizo wa /5 wa mwaka 1969, zina kipande cha nyuma cha fremu kilichofungwa kwa bolti. Unakifungua, unakihifadhi, unafunga kingine kifupi cha kutengenezwa, na fremu kuu haijaguswa. Hii ni sababu mojawapo ya pikipiki hizi kupendwa sana na wageuzaji, na kwangu mimi ni mfano wa namna kazi hii inavyopaswa kufikiriwa: geuza kwa bolti kwanza, kwa moto mwisho.

## Niwatetee wageuzaji

Wafufuaji wengine huzungumza kana kwamba kugeuza ni ujinga wa siku hizi. Historia haikubaliani nao. Katika Uingereza ya miaka ya 1950, kampuni ya Norton haikutaka kuuza injini zake za mashindano peke yake, na waendeshaji wa magari madogo ya Formula 3 ya sentimita za ujazo 500 walizihitaji. Walinunua pikipiki nzima, wakachomoa injini, na fremu zikabaki. Fremu hizo, zilizojulikana kwa jina la Featherbed, zilisifika kwa utulivu wake. Injini za Triumph nazo zilikuwa na nguvu na zilipatikana. Watu wakaunganisha viwili hivyo, na Triton ikazaliwa. Vijana waliokuwa wakikutana kwenye mkahawa wa Ace mjini London, uliofunguliwa 1938, ukafungwa 1969 na kufunguliwa tena 2001, walizipanda kama vyombo vya mwendo, hawakuwa na wazo la makumbusho.

Leo Triton halisi ya miaka hiyo ni kitu cha kufufuliwa jinsi ilivyogeuzwa. Mtu akiivunja ili airudishe Norton kwa Norton na Triumph kwa Triumph atakuwa anafuta historia kwa jina la kuilinda. Vivyo hivyo kwa boba za Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, zilizopunguzwa madigadi ili zipungue uzito. Kwa hiyo ukikuta pikipiki iliyogeuzwa zamani na kwa ustadi, usikimbilie kuirudisha asili. Uliza kwanza iligeuzwa lini na nani.

Ninachowashtaki wageuzaji ni jambo dogo zaidi: wengi wao hawageuzi, wananakili. Kiti cha kahawia chenye mishono ya miraba, tairi zenye meno ya kizamani, bomba lililofungwa kitambaa, taa ndogo isiyomulika. Hiyo ni sare, na sare hupitwa na wakati haraka kuliko kazi ya kiwanda.

## Pesa na muda

Imani iliyoenea ni kwamba kugeuza ni rahisi mfukoni na kufufua ni kwa wenye nacho. Ni kweli kwa kazi mbaya ya kugeuza. Kazi nzuri ya kugeuza na kazi nzuri ya kufufua hukaribiana, ila pesa zinatoka kwenye matundu tofauti.

Kwa mfufuaji zinatoka kwenye kromu, kwenye spoku na rimu, kwenye rangi yenye mistari ya mkono, na kwenye vitu vidogo visivyopatikana. Faida yake ni kwamba anajua anakokwenda. Kuna kitabu cha vipuri chenye michoro, kuna kitabu cha fundi chenye vipimo, na kuna watu waliokwisha kufanya kazi hiyo hiyo. Mwisho wa safari unaonekana hata ukiwa mbali.

Kwa mgeuzaji pesa zinatoka kwenye kutengeneza visivyokuwapo: mabano, tangi la kupinda, kiti, wayaringi mpya. Na zinatoka zaidi kwenye kurekebisha alichokivuruga. Mfano ninaoukuta kila mara ni filta ndogo za koni. Boksi la filta linaonekana kubwa na baya, linatupwa, koni nne zinafungwa nyuma ya kabureta. Kabureta za vakyumu, ambazo mkondo wa hewa ndio unaoinua pistoni ya ndani, zilipimwa zikiwa na boksi lile. Ukiliondoa, hewa inabadilika, na pikipiki inakohoa katikati ya mwendo. Unabadilisha jeti, vile vitundu vya kupimia mafuta, unajaribu, unabadilisha tena. Inawezekana kuiweka sawa, lakini wikiendi zinakwenda, na hakuna aliyeziandika kwenye bajeti. Kama unageuza na boksi la filta linaweza kufichika, lifiche na uliache hapo.

Zana nazo hutofautiana, bila kujali njia utakayoichagua. Pikipiki za Uingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zina bolti nyingi za vipimo vya zamani vya Kiingereza, Whitworth na jamaa zake, ambazo spana ya milimita itazila pembe. Za Japani zina skrubu za msalaba zinazofanana na za Phillips bila kuwa sawa nazo. Bisibisi ya kawaida hupanda na kuzichakaza vichwa. Nunua bisibisi ya JIS, yaani ya kiwango cha Kijapani, kabla hujaanza kulaumu skrubu.

## Ukishakaa juu yake

Iliyofufuliwa itakwenda kama pikipiki ya wakati wake. Kauli hii ina uzuri na ina hatari. Breki za dramu zilizochongwa vizuri, breki shuu zikigusa dramu kwa upana wake wote, husimamisha vizuri kuliko zinavyosifiwa, lakini hazitakuwa diski, na mvua au mteremko mrefu utakukumbusha. Taa za volti 6 zinafaa mchana. Mtu anayetaka kuipanda kwa maonyesho na matembezi ya asubuhi ataridhika kabisa. Anayetaka kwenda nayo kazini kila siku ataanza kununia vitu ambavyo awali aliviita roho ya pikipiki.

Iliyogeuzwa vizuri inaweza kuwa bora kuliko kiwanda kilivyoweza: shokapu za kisasa, breki za diski, cheche za kielektroniki. Iliyogeuzwa kwa ajili ya picha itakuwa mbaya zaidi. Kiti kisicho na sponji, usukani unaobana viganja, hakuna digadi la nyuma, kwa hiyo maji ya barabara yanapanda mgongoni. Jaribio langu ni rahisi: muulize aliyeigeuza mara ya mwisho alijaza tangi lini.

Usalama wa msingi hauna upande. Tairi zenye namba nne ubavuni zinakwambia wiki na mwaka wa kutengenezwa, mfano 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Zilizotengenezwa kabla ya 2000 hazina tarakimu nne, na hiyo peke yake ni sababu ya kuzitupa. Mipira ya breki ibadilishwe. Na kama mafuta unayotumia yana ethanoli, kumbuka huvuta maji na hushambulia baadhi ya dawa za kupaka ndani ya tangi la kale, pamoja na matangi ya faibaglasi.

## Thamani na karatasi

Ukifufua kwa usahihi, soko linajua la kukulipa, kwa kuwa linalinganisha na nyingine za aina hiyo. Ukigeuza, unamtafuta mtu mmoja mwenye ladha kama yako. Majina makubwa ya wageuzaji yana soko lao. Wengi wetu hatumo humo. Lakini tusidanganyane kwa upande wa pili: pikipiki ya kawaida, iliyotengenezwa kwa wingi, ikifufuliwa kikamilifu mara nyingi huuzwa kwa chini ya ilivyogharimu. Fufua hiyo kwa sababu unaitaka. Usiifufue kama uwekezaji.

Sheria zinatofautiana kati ya nchi na nchi, ila mwelekeo wake unafanana: mamlaka hupenda chombo kilichobaki kama kilivyosajiliwa. FIVA, shirikisho la kimataifa la vyombo vya kihistoria lililoundwa 1966, hukihesabu chombo kuwa cha kihistoria kikiwa na angalau miaka 30 na kikihifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria. Huko Uingereza, tangu Mei 2018, pikipiki iliyopita miaka 40 husamehewa ukaguzi wa kila mwaka, mradi haijabadilishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Kabla hujakata, ulizia ofisi ya usajili na kampuni ya bima yako wanaliitaje badiliko unalotaka. Bima iliyokatwa kwa pikipiki ya asili inaweza kukataa kulipia iliyogeuzwa.

## Njia ya katikati

Wengi wa watu ninaowaheshimu kwenye kazi hii hawako upande wowote kati ya hizi mbili. Wanaitunza sura ya asili na kubadilisha yanayofichika: cheche za kielektroniki badala ya pointi za kizamani, regyuleta ya kisasa ya kudhibiti volti, balbu yenye mwanga wa kutosha, springi bora ndani ya shokapu za mbele, breki shuu za mchanganyiko mpya. Kila kinachotoka kinaingia kwenye boksi lenye maandishi, na boksi linauzwa pamoja na pikipiki. Tahadhari moja: betri za lithiamu hazipatani na mifumo ya zamani ya kuchaji isiyodhibiti volti vizuri. Badilisha regyuleta kwanza.

Kwa njia hii mgeuzaji anapata pikipiki inayotembea, na mfufuaji wa miaka ishirini ijayo anapata kila kitu chake. Isipokuwa una sababu ya nguvu ya kwenda upande mmoja, anza hapa.

## Kwa majina

Honda CB750 za mwanzo kabisa za 1969, zile zenye kesi za injini zilizomiminwa kwenye kalibu za mchanga, takriban 7,400 tu: fufua, na usitupe hata skrubu. CB750 za miaka iliyofuata zilitengenezwa kwa wingi. Ikiwa kamili ifufue, ikiwa imepukutika igeuze kwa amani.

Triumph Bonneville T120 ya 1959 hadi 1962, wakati injini na giaboksi bado vilikuwa vipande viwili: fufua. Za baadaye vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi kiasi kwamba kisingizio cha kukata kinapungua, ingawa si dhambi.

Vincent Black Shadow, pikipiki adimu ya Uingereza: kama umeipata, huhitaji makala hii, unahitaji kufuli.

Yamaha XS650: hapa ningegeuza bila kusita. Ni nyingi, injini yake ni imara, na waliotangulia wameshatatua karibu kila tatizo utakalokutana nalo. Ila kabureta zake nyingi ni za vakyumu, kwa hiyo rudia niliyosema juu ya koni.

BMW za /5, /6 na /7: geuza kwa bolti, weka kipande cha nyuma cha asili juu ya kabati. R90S, toleo lao la mwendo kasi, iache ilivyo.

Honda CX500 ndiyo inayochekesha. Ilipotoka 1978 wengi waliiona mbaya, na kwa miaka mingi ilikuwa chombo cha wasafirisha barua. Ina shafti badala ya cheni na injini inayopozwa kwa maji, na wageuzaji wameipa sura ambayo haikuwahi kuwa nayo. Wakati wao wakiikata moja baada ya nyingine, zilizobaki kamili zinapungua. Kwa hiyo CX500 iliyochakaa igeuze, na ile uliyoikuta na vifuniko vyote, radieta isiyovuja na wayaringi isiyoguswa, ifufue. Kwa njia zote mbili, pima koili za kuchajia kabla hujamaliza kazi ya nje, kwa sababu zimo nyuma ya injini, na zikifa baadaye utalazimika kuishusha injini yote upya.